Raidi: Mlio wa Kijiti na Mvumo Unaoufuata

Kati ya matoazi yote yanayomzunguka mpiga dramu, raidi, yaani toazi kubwa linalobeba mwendo wa wimbo, ni miongoni mwa yanayopigwa mara nyingi zaidi, na bado wengi wetu huichagua kwa kuigonga mara tatu au nne na kuridhika. Krashi hupigwa panapohitajika mkazo, kisha huachwa ivume hadi iishe yenyewe. Haihati, yaani matoazi mawili yanayotazamana, hufunguliwa na kufungwa kwa mguu, hivyo mpigaji anaweza kuikata sauti yake anapotaka. Raidi haina kizuizi cha namna hiyo. Kila pigo hutua juu ya masalia ya pigo lililotangulia, na wimbo ukienda kwa kasi masalia hayo huwa ya mapigo mengi yaliyorundikana, yote yakiendelea kusikika kwa pamoja. Toazi lililopendeza likipigwa pigo mojamoja linaweza kugeuka kelele tupu baada ya nusu dakika ya kupigwa mfululizo, na lile lililoonekana kavu na lisilo na mvuto linaweza kuwa ndilo linaloviachia vyombo vingine nafasi.

Kwa sababu hiyo, ninapoisikiliza raidi husikiliza vitu viwili tu. Cha kwanza ni mlio wa kijiti, yaani ile tiki fupi inayosikika pale ncha ya mti inapogusa shaba. Cha pili ni mvumo, yaani sauti pana inayotanda nyuma ya tiki hiyo na kubaki hewani. Unene, upana, mpindo, kikombe (kile kichuguu cha katikati), aina ya shaba, nyundo na keezo, vyote ambavyo watengenezaji huvieleza kwa maneno mengi, mwishowe huamua jambo moja: mlio na mvumo vitapatana vipi pigo la mia litakapofika.

Inafaa kueleza kinachotokea ndani ya bamba lenyewe. Kijiti kinapogonga, mtetemo husafiri kutoka pale palipoguswa hadi ukingoni na kurudi, na katika bamba jembamba mawimbi ya masafa ya juu, yaani yanayotetema mara nyingi zaidi kwa sekunde, huenda kasi kuliko ya masafa ya chini, kwa hiyo pigo moja hutawanyika badala ya kubaki kitu kimoja. Bamba likipigwa kwa nguvu zaidi, sehemu ya nishati iliyoanzia kwenye mitetemo mizito ya chini huhamia kwenye mitetemo ya juu, na ndiyo maana mng'ao wa toazi huchanua kitambo kidogo sana baada ya pigo lenyewe. Mitetemo hiyo ni mingi na haina uwiano wa namba kamili kama ile ya uzi wa gitaa. Kwa hiyo toazi halina noti moja inayotambulika na linaweza kukaa ndani ya wimbo wa ufunguo wowote bila kugombana nao. Nasema linaweza, kwa kuwa zipo raidi, hasa nene, zenye noti moja inayojitokeza juu ya nyingine zote, na noti hiyo ikishasikika mara moja haiachi kusumbua sikio katika kila wimbo usiopatana nayo.

Hitaji la mlio ulio wazi lina historia yake. Katika jazi ya miaka ya 1920 na 1930 mwendo wa wimbo ulibebwa zaidi na ngoma ya mguu, na sneya (ngoma ndogo yenye mlio mkavu), na baadaye haihati, chombo ambacho mpiga dramu Jo Jones alikipa hadhi mpya akiwa na bendi ya Count Basie. Mpiga dramu Kenny Clarke ndiye anayetajwa kuliko wengine kwa kuuhamishia mwendo huo juu ya toazi kubwa, kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1930 hadi mwanzoni mwa miaka ya 1940, alipokuwa akipiga katika klabu ya Minton's Playhouse, Harlem, New York. Ngoma ya mguu, iliyokuwa ikipigwa kila pigo, ikapata uhuru wa kudondosha mikazo ya ghafla, na ile ting, ting-ti-ting ya toazi ikawa ndiyo uti wa mgongo wa bendi nzima. Mpiga besi aliihitaji ili ajue wapi pa kuweka kidole chake. Mpiga saksafoni aliihitaji ili ajue yuko wapi ndani ya wimbo. Tiki isiyosikika haikuwa kasoro ya ladha tena, bali ya kazi. Lakini bendi hizo hazikutaka tiki peke yake, kwani mvumo ndio ulioziba nafasi kati ya pigo na pigo na kumpa mpulizaji kitu cha kuegemea. Mpiga dramu Tony Williams alipojiunga na bendi ya mpiga tarumbeta Miles Davis mwaka 1963, akiwa na umri wa miaka 17, aliuvunjavunja mpangilio huo wa ting-ti-ting na kuupanga upya kila mara, na toazi lake la aina ya K la kampuni ya Zildjian, la inchi 22, lililotengenezwa Istanbul, lilimruhusu: mlio wake ulikuwa wazi hata katika mwendo wa kasi mno, na mvumo wake ulikuwa na giza, yaani sauti ya chini isiyo na mng'ao mkali, lisilomfunika mtu.

Tukija kwenye toazi lenyewe, uzito ndio unaosemwa sana na ndio unaoeleweka vibaya sana. Toazi nene lina sauti nyembamba ya juu, mlio mkali wa kijiti na mvumo mdogo ukilinganisha na mlio huo. Toazi jembamba lina sauti nene ya chini, hufunguka upesi na kujaa mvumo. Hadi hapo watu hukubaliana. Tatizo huanza pale gramu zinapotajwa bila upana. Raidi ya inchi 20 yenye gramu 1,800 hivi huhesabiwa kuwa nyepesi, yenye 2,200 ni ya wastani, na ikipita 2,500 ni nzito. Kwa inchi 22, wepesi ni karibu gramu 2,300, wastani ni 2,700, na kuanzia kilo tatu hapo ni uzito hasa. Eneo la toazi la inchi 22 linazidi la inchi 20 kwa takriban asilimia 21, kwa hiyo gramu 2,300 zilizotandazwa kwenye inchi 22 zina unene wa wastani ulio sawa na gramu 1,900 kwenye inchi 20. Anayeshika toazi kubwa mkononi na kusema ni zito, hivyo litakuwa na mlio mkali, amepima mkono wake na hajapima shaba. Mara nyingi toazi kubwa ndilo lililo jembamba zaidi, ndilo lenye sauti ya chini zaidi, na ndilo linalovuma zaidi.

Mimi huegemea upande wa inchi 22 zilizo nyepesi, na sioni haja ya kujificha nyuma ya maneno kama "inategemea". Raidi nyepesi humjibu mpigaji. Ukigusa kidogo inasema kidogo, ukiongeza nguvu inafunguka, na ukipiga ukingo wake kwa shingo ya kijiti inageuka krashi yenye sauti ya chini ambayo krashi halisi haziwezi kuitoa. Raidi nzito hutoa takriban sauti ileile ukiigusa au ukiipiga, tofauti ikiwa ni ukubwa wa sauti tu. Hata hivyo pana muziki unaoihitaji tabia hiyo hasa. Katikati ya magitaa yaliyoongezwa sauti hadi mwisho, mvumo wa toazi jembamba humezwa wote na tiki yake hupotea nao, na hapo toazi nene, hasa likipigwa kwenye kikombe, hupenya bila mpigaji kuvunja mkono. John Bonham, mpiga dramu wa bendi ya roki ya Led Zeppelin, alitumia raidi yenye inchi 24 ya aina ya 2002 kutoka kampuni ya Paiste, na ukisikiliza namna ilivyosimama mbele ya gitaa na besi za namna ile, utaona upana ule haukuwa wa kujionyesha.

Mpindo wa mgongo wa toazi husahaulika kwa sababu hauandikwi kwenye lebo. Liweke toazi juu ya meza iliyonyooka na uinamishe macho yako yawe sawa na uso wa meza. Utaona kama mgongo unapanda kwa kasi kutoka ukingoni kuelekea kikombe au unajilaza karibu na meza kabla ya kuinuka. Mgongo uliopinda sana hulikaza bamba, nao huleta sauti ya juu zaidi, mlio ulio wazi zaidi na mvumo unaokwisha upesi. Mgongo uliolala huishusha sauti, huitandaza, na kuifanya iwe na giza. Matoazi mawili yenye upana sawa na uzito sawa yanaweza kutofautiana kabisa kwa sababu hii peke yake, na mwuzaji atakuambia ni bahati tu.

Kikombe nacho si mapambo. Kikombe kikubwa huongeza sauti za ziada na ukubwa wa sauti ya toazi zima, hata usipokigusa; kikombe kidogo huzipunguza na kuuacha mlio ukiwa safi. Ukikiondoa kabisa unapata raidi bapa, chombo ambacho Paiste ilikiingiza katika familia yake ya Formula 602 katika miaka ya 1960. Raidi bapa haina pa kukusanyia nguvu, kwa hiyo mvumo wake haupandi: unaweza kuipiga kwa kasi kwa dakika kumi na pigo la mwisho likasikika kama la kwanza. Mpiga dramu Roy Haynes aliitumia kwenye rekodi ya mwaka 1968 ya kundi la watu watatu la mpiga piano Chick Corea, na kila tiki yake inahesabika hata pale piano inapomwagika noti. Gharama yake ni kwamba haina sauti kubwa, haipigiki kama krashi, na bila shaka haina kikombe cha kupigia, jambo linalomkwamisha yeyote anayepiga midundo ya Amerika ya Kusini au ya Karibi ambamo kikombe ni sauti kamili inayojitegemea.

Shaba inayotumika katika matoazi ya bei ya juu kwa kawaida ni mchanganyiko wa asilimia 80 ya shaba nyekundu na asilimia 20 ya bati, unaofahamika kama B20. Mchanganyiko wa pili kwa umaarufu ni B8, wenye asilimia 92 kwa 8, ambao ndio wa Paiste 2002. Nimesikia mara nyingi ikisemwa kwamba B8 ni ya wanafunzi na B20 ni ya mabingwa. Raidi ile ya Bonham inatosha kuwa jibu. Tofauti ya kweli ni ya tabia. B8 huwa na sauti iliyo wazi, iliyonyooka, yenye mng'ao unaopatikana haraka, ilhali B20 huwa na tabaka nyingi zaidi za sauti zinazoingiliana. Kuifanyia kazi B20 ni mtihani wa aina yake: ikipozwa polepole huwa ngumu na hupasuka ikigongwa, lakini ikitumbukizwa majini ingali ya moto hulainika kiasi cha kuweza kufuliwa, kinyume kabisa cha chuma cha feleji, ambacho huwa kigumu kikitumbukizwa hivyo. Ujuzi wa kulishika jambo hilo ndio ulioipa familia ya Zildjian jina huko Konstantinopoli (Istanbul ya leo) tangu karne ya 17, kabla ya tawi lake moja kuanza kazi Massachusetts mwaka 1929 na kabla ya Robert Zildjian kwenda kuanzisha Sabian nchini Kanada mwaka 1981.

Baada ya shaba huja nyundo, na hapa ndipo ninapopenda kukaa. Shika toazi lililofuliwa kwa mkono uliinamishe chini ya taa mpaka mwanga upite juu yake kwa ubavu. Utaona mashimo madogo yasiyolingana, mengine ya kina na mengine kama alama ya kucha, yamesogeleana hapa na kuachana pale. Kila shimo limebadilisha ukakamavu wa bamba mahali pake, kwa hiyo mtetemo unaposafiri hukutana na sehemu zilizokaza na zilizolegea bila mpangilio, na sauti hukosa noti moja ya kutawala. Hicho ndicho watu wanachokiita giza. Sasa lichukue lililofuliwa kwa mashine: mashimo yamejipanga kwa duara, kimo kimoja, nafasi moja. Sauti yake nayo hujipanga, ikawa wazi na rahisi kutabirika, jambo ambalo mpigaji wa studio anayehitaji toazi lilelile mwaka ujao hulithamini kuliko giza lolote. Keezo nalo huchonga ile mistari ya duara uionayo usoni, likipunguza unene na kulifungua toazi. Sehemu iliyoachwa bila kukerezwa, yenye rangi ya udongo uliochomwa, hukausha sauti na kufupisha mvumo. Watengenezaji wengi wa sasa huacha nusu ya uso hivyo, na matokeo yake ni toazi lenye tabia mbili kutegemea kijiti kimetua wapi.

Kijiti chenyewe ni nusu ya sauti ya raidi, na ndiyo nusu ya bei nafuu kubadilisha. Ncha ndogo ya mviringo hugusa eneo dogo la shaba na kutoa tiki nyembamba isiyobadilika hata pembe ya mkono ikibadilika. Ncha pana yenye umbo la tone hugusa zaidi mkono ukishuka na kupungua ukipanda, kwa hiyo mpigaji anaweza kupaka sauti rangi kwa kuinua kiwiko tu. Ncha ya nailoni, ambayo Joe Calato aliileta mwaka 1958, hung'arisha mlio na haichakai kama mti. Mimi siipendi kwenye toazi lililo tayari na mng'ao, lakini kwenye toazi lenye giza lililokaribia kuzama ni dawa nzuri. Kabla mtu hajaihukumu raidi yake kuwa butu, ajaribu kwanza kijiti chepesi chenye ncha ndogo.

Ninapopewa raidi nisiyoijua, siipigi kwa nguvu. Naanza na mapigo ya robo, yaani pigo moja kwa kila hesabu, polepole, kati ya kikombe na ukingo, na kusikiliza kama tiki na mvumo vinatoka katika sauti moja au vinasikika kama vyombo viwili vilivyokutana kwa bahati mbaya. Kisha naongeza mwendo bila kuongeza nguvu, nikiendelea kwa dakika moja au mbili. Mvumo utapanda, hiyo si kosa. Ninachongoja ni pale unapoacha kupanda. Raidi nzuri hufika kimo fulani ikatulia hapo, na kijiti kikaendelea kusikika juu yake. Raidi mbaya huendelea kupanda mpaka kijiti kimezama na unajikuta ukipiga kwa nguvu zaidi ili ujisikie, jambo linaloongeza mvumo zaidi. Halafu nahamisha kijiti kuelekea ukingoni, kisha kuelekea kikombe, bila kusimama, kuona kama sauti inabadilika kwa mteremko au kwa kuruka. Kikombe kinachopiga kelele kama cha toazi jingine kabisa hunifanya nilirudishe.

Sehemu ya pili ya jaribio hilo mpigaji hawezi kuifanya peke yake. Mtu mwingine apige, nawe usimame umbali wa mita tano au sita. Sauti nzito za chini zinazonguruma karibu na sikio la mpigaji hazisafiri mbali. Kinachobaki ni tiki na masafa ya juu. Toazi lililoonekana chafu ukiwa umekaa kwenye kiti linaweza kusikika safi na lenye heshima kutoka pale, na lile lililoonekana wazi na la kupendeza linaweza kuchoma masikio ya walio mbele. Waimbaji hulijua hili kuliko sisi, kwani raidi yenye mng'ao mwingi hukaa palepale zinapokaa sauti za "s" na "sh", na maneno yao hufunikwa bila mtu kuelewa ni chombo gani kinachoyafunika.

Toazi likishachaguliwa, bado linaweza kuharibiwa na kishikio. Nati iliyokazwa hadi mwisho hulibana toazi, mvumo hukatwa, na shaba isiyopata nafasi ya kuyumba huanza kupasuka. Mpira au plastiki inayofunika skrubu isipokuwepo, chuma hula tundu la katikati mpaka likawa na umbo la yai. Felti ziwepo juu na chini, na toazi liweze kuinama kidogo linapoguswa. Mvumo ukizidi, kipande cha utepe wa kunata chenye urefu wa kidole, kikibandikwa upande wa chini, hupunguza mengi; kadiri kinavyosogezwa ukingoni ndivyo kinavyozidi kukausha, kwa hiyo anza karibu na kikombe. Mvumo ukipungua mno, ribiti (vijisumari vya chuma) mbili au tatu zilizolegea kwenye matundu ya karibu na ukingo huleta mchakacho mwororo unaorefusha kila pigo. Ila toazi likishatobolewa halirudi kuwa lilivyokuwa, na mnyororo mwembamba wa shanga za chuma ulioning'inizwa kutoka kwenye nati utakupa sauti ya jirani kabisa na hiyo bila kuligusa toazi kwa keekee.

Kuhusu kusafisha, wenye raidi mpya hupenda zing'ae jukwaani, na dawa za kung'arishia zipo. Vumbi, jasho la vidole na kutu ya kijani inayojipenyeza kwenye mistari ya keezo hupunguza masafa ya juu kidogo kidogo, na baada ya miaka toazi huwa kavu na la chini zaidi kuliko lilivyonunuliwa. Kama ulilinunua likiwa kali kupita kiasi, mabadiliko hayo ni kwa faida yako na hupaswi kuyafuta kwa kitambaa. Kama ulilinunua likiwa tayari na giza unalolitaka, lipanguse kila baada ya kupiga, ukifuata mistari ya duara na si kuikata, kwa kitambaa kikavu na bila dawa yoyote yenye chembe za kusugulia, kwa kuwa hizo huondoa shaba pamoja na uchafu.